Pakiti ya Chumvi Inaisha kwa Siku Ngapi?

Leo nazungumzia chumvi. Kuna fundisho linalosambaa kwenye simu zetu, vijiweni na hata katika vikao vya familia, kwamba chumvi laini ya pakiti ni sumu. Wanaolieneza wanasema kiwanda kimeivua chumvi hiyo madini yake na kuitia kemikali, na kwamba hapo ndipo zilipotoka presha na kiharusi. Dawa wanayoitoa ni kuirudia chumvi ya asili, yaani chumvi ya mawe ya kule Meatu, hapa mkoani Simiyu, chumvi ya bahari isiyosafishwa, au ile ya rangi ya waridi inayoletwa kutoka Pakistan na kuuzwa kwa bei kubwa. Nalichukua fundisho hili kwa uzito, kwa sababu nusu yake ni kweli. Chumvi ikizidi inaua. Lakini nusu ya pili inapotosha, maana inamwambia mtu abadilishe aina ya chumvi na kumwacha aendelee na kiasi kilekile, na huku inamnyang'anya kinga moja kubwa aliyokuwa nayo ndani ya pakiti. Hoja yangu ni hii: kwa mkazi wa Simiyu, chumvi inayofaa ni ya pakiti yenye madini joto (iodini), na inayofaa zaidi ni hiyo hiyo ikiwa imepunguzwa. Nitaeleza kwa nini, kisha nitajibu wanaopinga.

Tuanze na chumvi yenyewe. Nchini kwetu chumvi nyingi hupatikana kwa kuanika maji ya bahari katika mabwawa ya pwani, kuanzia Tanga na Bagamoyo hadi Lindi na Mtwara. Nyingine hutoka Uvinza, mkoani Kigoma, ambako chemchemi za maji ya chumvi zimetumiwa na watu kwa mamia mengi ya miaka. Nyingine huvunwa karibu yetu, pande za Meatu. Zote hizo, zikiwa mbichi au zimesafishwa, kwa sehemu kubwa kabisa ni kitu kimoja, muungano wa sodiamu na kloridi, na katika kila gramu 10 za muungano huo, karibu gramu 4 ni sodiamu. Kusafisha ni kuosha tope na mchanga, kuondoa chumvichumvi nyingine zinazovuta unyevu, kusaga, na kutia madini joto. Yale madini ya ziada yanayosifiwa katika chumvi ya asili yapo kweli, ila ni kidogo sana. Rangi ya waridi ya chumvi ya Pakistan hutokana na chembe za chuma, lakini anayetaka chuma cha kumfaa mwilini kutoka kwenye chumvi hiyo atalazimika kula kiasi ambacho sodiamu yake itamdhuru kwanza. Sahani ya maharage au mchicha inatoa madini hayo bila gharama hiyo. Kwa hiyo anayesema chumvi ya asili haipandishi presha anasema jambo lisilowezekana, kwa sababu kinachopandisha presha ni sodiamu, na sodiamu imo katika zote karibu sawasawa.

Mwili unaihitaji sodiamu. Bila hiyo mishipa ya fahamu haipeleki taarifa na misuli haifanyi kazi. Lakini unahitaji kidogo tu, na figo zimejengwa kukitunza hicho kidogo kwa uangalifu mkubwa. Ikiingia nyingi kuliko figo zinavyoweza kuitoa kwa wakati, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu inaongezeka wingi ndani ya mishipa ileile, na moyo unalazimika kuisukuma kwa nguvu zaidi. Siku moja ya namna hiyo haina neno. Miaka 20 ya namna hiyo huifanya mishipa iwe migumu, huuchosha moyo na kuziharibu figo, na mwishowe mshipa wa kichwani unaziba au unapasuka. Ndipo mtu aliyelala mzima anaamka mdomo umekwenda upande na mkono mmoja hauinuki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, tukihesabu chumvi yote iliyomo katika chakula chake. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11. Shirika hilo linakadiria kuwa vifo milioni 1.89 kila mwaka vinahusiana na kula sodiamu kupita kiasi.

Pengine utasema hizo ni hesabu za Geneva, makao makuu ya shirika hilo, nazo hazituhusu. Basi tutazame karibu, katika bonde la ziwa letu hili la Viktoria. Miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na daktari Neil Poulter waliwafuatilia Wajaluo waliokuwa wakihama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Ndani ya miezi michache tu baada ya kuhama, presha za wale waliokwenda mjini zilikuwa juu kuliko za waliobaki, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi na potasiamu pungufu. Potasiamu ni madini yanayopatikana kwenye mboga za majani, viazi, maharage na matunda, na husaidia mwili kuitoa sodiamu. Tafakari uzito wa ushahidi huu. Watu walikuwa walewale, wa kabila moja na vijiji vilevile, hivyo tofauti haiwezi kuitwa ya damu wala ya ukoo. Kilichobadilika ni maisha, na ndani ya maisha hayo, sahani. Ni haki kusema kwamba uzito wa mwili nao ulibadilika, na mji una mahangaiko yake, kwa hiyo chumvi haikuwa sababu peke yake. Lakini utafiti mwingine mkubwa wa mwaka 1988, uliopima mkojo wa watu zaidi ya 10,000 katika nchi 32, Kenya ikiwamo, ulikuta kwamba katika jamii chache zenye chumvi kidogo sana, presha ilikuwa ya chini na haikupanda sana watu walipozeeka. Na watu walipopewa chakula chenye chumvi pungufu katika majaribio ya kitabibu, presha zao zilishuka.

Hapa Tanzania, mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti walipima presha za watu wazima katika eneo la Ilala jijini Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, wilayani Hai. Walikuta takriban watu 3 kati ya 10 wana presha ya juu, mjini na kijijini vilevile. Jambo lililotisha zaidi ni kwamba katika kila watu 5 wenye presha, hata mmoja hakutimia aliyejijua. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa kama mmoja kati ya 10, na wale ambao presha yao ilikuwa imedhibitiwa hawakufikia hata mmoja kwa mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta tena kwamba zaidi ya robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu. Huu si ugonjwa wa matajiri wala wa Dar es Salaam. Ni ugonjwa usiouma, na kwa sababu hauumi, mtu anakutana nao kwa mara ya kwanza siku anapoanguka. Katika jamii yetu, kuanguka huko kumewahi kuleta maneno mazito, jirani kumtuhumu jirani kwa uchawi, familia kuhama kutoka kwa mganga huyu hadi kwa yule, huku saa za kumwokoa mgonjwa zikipita. Kiharusi kina chanzo kinachopimika kwa mashine iliyopo hata kwenye zahanati. Kulifahamu hilo kunaokoa uhai, na kunaokoa pia amani ya kijiji.

Sasa tuje kwenye kinga niliyosema imo ndani ya pakiti. Madini joto ni kitu ambacho tezi ya shingoni hukihitaji ili itengeneze vichocheo vya ukuaji. Yakikosekana, tezi huvimba na mtu anapata rovu, lakini rovu ni ile dalili inayoonekana tu. Madhara makubwa hayaonekani, nayo huanza tumboni mwa mama. Ubongo wa mtoto aliye tumboni hutegemea madini hayo, na mtoto aliyeyakosa anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, kiziwi, au akawa mtu wa kuchelewa darasani maisha yake yote bila yeyote kujua sababu. Katika miaka ya 1980 tatizo hili lilikuwa kubwa nchini. Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikaweka kanuni kwamba chumvi ya kula iwe na madini joto. Rovu kwa watoto wa shule likapungua sana. Hakuna dawa wala hotuba iliyofanya kazi hiyo. Iliifanya chumvi, kwa sababu chumvi huingia katika kila chungu, cha tajiri na cha maskini.

Anayedhani chumvi ya asili inayo madini joto ya kutosha na atazame Zanzibar. Visiwa vile vimezungukwa na bahari na watu wake hula samaki. Kwa mantiki ya asili, hapo ndipo mahali pa mwisho kukosa madini joto. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa upungufu ulikuwapo, na Pemba ulizidi Unguja. Unguja zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na chumvi iliyotiwa madini joto, ilhali Pemba chumvi hiyo karibu haikuwapo. Chumvi ya bahari haina madini joto ya kumtosha mtu, kwa sababu wakati wa kuanika yanabaki kidogo sana. Ikiwa bahari yenyewe haikuwatosheleza Wapemba, chumvi ya mawe isiyotiwa kitu haitawatosheleza watoto wa Meatu na Itilima, walio mbali na bahari kwa mamia ya kilomita.

Kuna jambo la pili linalohusu upande wetu wa nchi. Simiyu ni miongoni mwa mikoa ya kaskazini na kanda ya ziwa ambayo maji ya ardhini mahali pengine yana floraidi nyingi, ile inayobadilisha meno kuwa ya kahawia na, ikizidi, kuumiza mifupa. Magadi tunayotia kwenye mlenda, maharage au makande ili yaive upesi yanaweza kubeba floraidi hiyohiyo. Utafiti uliofanywa nchini katika miaka ya 1990 uliyahusisha magadi na meno ya kahawia ya watoto hata pale ambapo maji ya kunywa yalikuwa na floraidi kidogo. Tena magadi yenyewe ni sodiamu ya namna nyingine. Mtu aliyeambiwa na mganga wa zahanati apunguze chumvi, akaipunguza, kisha akaendelea kutia magadi kwenye kila mboga, anaijaza sodiamu kwa mlango mwingine. Kitu kutoka ardhini hakiwi salama kwa sababu tu kimetoka ardhini. Kinapaswa kupimwa kama vingine.

Nijibu sasa hoja za wanaopinga, na ya kwanza ni ya wazee. Wanasema, babu zetu walikula chumvi ya asili, na hatukusikia presha. Hoja hii inastahili heshima, na jibu lake limo ndani ya historia ya Wasukuma wenyewe. Wazee walisafiri kwa miguu hadi Ziwa Eyasi kuifuata chumvi, kwa siku nyingi, katika nyika yenye simba na kiu, wakirudi na mizigo mabegani. Kitu kilichopatikana kwa taabu kiasi hicho hakimwagwi chunguni. Kilitiwa kwa kipimo, kilibadilishwa kwa nafaka na mifugo, na siku nyingine hakikuwapo kabisa. Chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mtama au uwele, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), mlenda, maziwa, karanga, baadaye michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), vyakula vyenye potasiamu tele na sodiamu kidogo. Kilichowalinda wazee hakikuwa uasili wa chumvi yao. Kilikuwa uchache wake. Leo nusu kilo inapatikana kwenye kila kibanda kwa pesa ndogo, kwa hiyo anayetaka kuwaiga wazee na aige kipimo chao. Tusisahau pia kwamba mashine za kupima presha hazikuwapo vijijini wakati huo, na aliyefariki ghafla alizikwa bila jina la ugonjwa wake.

Hoja ya pili ni ya mkulima. Anasema, mimi nalima pamba juani kutwa, jasho linanitoka, nisipokula chumvi nitaishiwa nguvu. Ni kweli jasho lina chumvi. Lakini mwili uliozoea joto na kazi hujifunza kuizuia sodiamu isitoke, na jasho la mkulima wa kila siku huwa na chumvi pungufu kuliko la mgeni wa jua. Wajaluo waliobaki vijijini, wale wenye presha nafuu kuliko ndugu zao wa Nairobi, walikuwa watu wa jembe, chini ya jua lilelile la bonde la ziwa. Kinachompunguzia mkulima nguvu shambani mara nyingi ni maji. Abebe maji safi ya kutosha na anywe kabla kiu haijamshika. Mgonjwa wa kuhara au kutapika ana hali yake tofauti, naye apewe mchanganyiko wa maji, chumvi na sukari kwa vipimo vya kituo cha afya. Hiyo ni tiba ya siku chache, si kanuni ya jikoni.

Hoja ya tatu huletwa na waliosoma. Wanasema wanasayansi wenyewe hawajakubaliana, na zipo tafiti zilizodai kuwa hata wanaokula chumvi kidogo wanapata madhara. Zipo kweli. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliotolewa mwaka 2014 ulidai kuwa waliokuwa salama zaidi ni watu wa kiasi cha katikati. Lakini ulikadiria chumvi ya siku nzima kwa kupima mkojo wa mara moja tu, njia ambayo wataalamu wengi wanaiona dhaifu, na hauwezi kuwatenganisha vizuri watu wanaokula chumvi kidogo kwa hiari na wale wanaokula kidogo kwa sababu tayari ni wagonjwa. Tafiti zilizopima mkojo wa saa 24, tena kwa siku kadhaa, hazikuiona hatari hiyo. Na hata watafiti wale wa mwaka 2014 walikubali kuwa chumvi nyingi inawadhuru zaidi wenye presha. Ubishi uliobaki ni juu ya mahali hasa pa kusimama chini. Juu ya hatari ya kupanda, hasa kwa mwenye presha, hakuna ubishi wa maana.

Hoja ya nne ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote: tukipunguza chumvi, je, hatutapunguza na madini joto? Hapa hesabu inasaidia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Chumvi iliyobaki na miligramu 30 za madini hayo kwa kila kilo inapofika jikoni, gramu zake 5 zinampa mikrogramu 150 kamili. Gramu hizo 5 zinatosha mambo yote mawili. Mjamzito anahitaji zaidi, kama mikrogramu 250, na suluhisho lake ni kuhudhuria kliniki mapema, kula samaki, mayai na maziwa kila vinapopatikana, bila kumwaga chumvi zaidi kwenye mchuzi. Na chumvi itunzwe. Ifungwe kwenye kopo lenye mfuniko, iwe mbali na jua, mvuke na moto wa mafiga, na itiwe chakula kikikaribia kuiva. Chumvi iliyoachwa wazi juu ya meko kwa wiki kadhaa inabakiza ladha huku kinga yake ikipungua kila siku.

Hoja ya tano haisemwi kwa sauti, ingawa nayo ina uzito. Palipo na umaskini, chumvi ndiyo inayofanya ugali na mboga za majani viliwe. Kumwambia mtu apunguze ni kama kumwondolea raha yake ya mwisho mezani. Sitalipuuza hilo. Lakini ulimi hujifunza. Anayepunguza kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, anafika mahali ambapo kipimo cha zamani kinamchoma mdomoni. Na tunavyo vya kuziba pengo: karanga zilizosagwa katika mlenda na mchicha, nyanya, kitunguu, tangawizi, ndimu, ukwaju, maziwa ya mgando. Kayabo, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, anaweza kulowekwa na maji yake yakamwagwa kabla ya kupikwa, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Viazi vitamu na mahindi ya kuchemsha havihitaji chumvi, wala uji wa mtoto mdogo hauhitaji hata chembe. Na kopo la chumvi lisikae mezani, maana linalokaa mezani huguswa kabla hata chakula hakijaonjwa.

Ipo sababu ya kuwa na matumaini hapa Simiyu kuliko Ulaya au Marekani. Kule chumvi nyingi huingia kutoka kiwandani, ndani ya mikate, soseji na vyakula vya makopo, na mlaji hana uwezo wa kuitoa. Kwetu bado sehemu kubwa huingia kwa mkono wa mpishi, ndani ya chungu, na mkono huo ni wetu. Vijiji vya nchi nyingine vimeshaonyesha kuwa inawezekana. Nchini Ghana, katika vijiji 12 vya Ashanti, watafiti walitumia mafundisho tu, bila dawa, na matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba chumvi ilivyopungua mwilini ndivyo presha ilivyokuwa nafuu. Nchini China, katika vijiji 600 na watu karibu 21,000 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi au wazee wenye presha, robo ya sodiamu kloridi ndani ya chumvi ilibadilishwa kwa potasiamu kloridi. Baada ya takriban miaka 5, mwaka 2021, ilionekana kiharusi kimepungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Hawa walikuwa wakulima wanaojipikia nyumbani, kama sisi. Chumvi ya namna hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa figo bila ushauri wa daktari, na si rahisi kuipata madukani kwetu, lakini inathibitisha kwamba kubadilisha kinachoingia chunguni hubadilisha idadi ya wanaozikwa.

Nafasi hii haitabaki wazi milele. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012, na leo una watu zaidi ya milioni 2. Mji wa Bariadi unakua, Lamadi inakua pembeni ya barabara kuu, na pamoja na miji vinakuja chipsi zinazonyunyiziwa chumvi juu ya chumvi, mikate, vitafunwa vya pakiti na viungo vya mchuzi ambavyo navyo vimejaa chumvi. Safari ile ya Mjaluo kwenda Nairobi, vijana wetu sasa wanaifanya bila kuvuka mpaka wa mkoa. Kwa hiyo wapo wenye wajibu kuliko mpishi. Halmashauri ya Meatu na wataalamu wa lishe wawasaidie wavunaji wadogo wa chumvi kupata madini joto, mashine za kuchanganyia na vipimo, ili jasho lao liuzwe kama chakula kilicho kamili, kwa maana kuwafungia si jibu. Wauza chipsi na nyama choma mnadani waache mteja ajitilie mwenyewe. Na mashine ya presha ifike mnadani na nyumba za ibada, kwa sababu mtu asiyejijua haoni sababu ya kupunguza chochote.

Nyumbani kwako, kipimo hakihitaji maabara. Chukua kalamu, andika tarehe juu ya pakiti mpya ya nusu kilo siku unapoifungua. Ikiisha, gawanya gramu 500 kwa idadi ya siku, kisha kwa idadi ya walaji. Simiyu ni kati ya mikoa yenye kaya kubwa nchini, basi tuchukue familia ya watu 10. Pakiti ikidumu siku 10, kila mmoja amekula gramu 5, na hapo hatujahesabu chumvi ya mkate na ya samaki mkavu, wala hatujakumbuka kuwa mtoto anastahili chini ya hapo. Ikiisha kwa siku 5, kila mmoja anakula mara mbili ya kinachofaa, iwe chumvi hiyo imetoka Bagamoyo, Uvinza au Meatu. Chumvi ya mifugo iwe na chombo chake ili isiharibu hesabu. Mwezi unaofuata, ifanye pakiti idumu siku mbili zaidi, na mwezi mwingine mbili tena. Hiyo ni hatua ambayo baba, mama na watoto wa shule wanaweza kuifanya pamoja, inaokoa pesa badala ya kuidai, na haimsubiri mtaalamu. Pakiti iwe na madini joto, iwe imefungwa vizuri, na ichelewe kuisha.